Motokari imegonga mbele: maswali tunaulizwa kila siku ku garaje

Hapa Lubumbashi hakuna juma inapita bila motokari kuletwa na kichwa kimebanwa. Barabara ya Kasumbalesa na ile ya Likasi ziko na malori mingi, mvua ikianza mwezi wa 11 lami inateleza, na usiku mtu anakuja mbele yako na taa zinakupiga mu macho. Mimi niko tolie, kazi yangu ni kunyoosha karosri, ule mwili wa chuma wa motokari, na maswali ninayoulizwa ni karibu yale yale, njo maana nayaandika hapa yote na majibu yake. Soma yale yanakuhusu, ingine ruka.

Papa tolie, nimegonga kidogo tu, ni parishoki (ile bampa ya mbele) peke njo imepasuka. Naweza kuendelea kutembea nayo?

Inategemea kile kiko nyuma ya parishoki. Ile unaona kwa inje ni plastiki, haishiki kitu. Nyuma yake kuko chuma ya kulala, toka kushoto mpaka kuume, sisi tunaita traversi, kisha vibokisi viwili vifupi vya kujikunja, kisha lonjero mbili zinazobeba moteri na miguu ya mbele. Sasa plastiki ikigongwa inajirudilia yenyewe, chuma hairudii. Nimekwisha kuona Toyota IST parishoki iko na alama ndogo tu kama ya kukwaruzwa, tunatoa plastiki, traversi imeingia ndani inakaribia kugusa radiateri ya klima.

Kabla ya kuwasha angalia chini kama kuko maji inatoka, rangi ya kijani ao nyekundu, angalia kama vantilateri inagusa radiateri, zungusha volani mpaka mwisho pande zote uone kama pine inagusa chuma, na vuta kapo (kifuniko cha moteri) kwa nguvu uone kama inafungika kweli. Kapo yenye haifungi sawasawa inaweza kufunguka mu mwendo ikakupiga kwenye kioo, ukabaki hauoni kitu. Kama moja tu ya hizi haiko sawa, ita depanaje. Moteri ikiungua juu ya maji kukosekana utalipa kupita ile ya karosri yote.

Lonjero njo nini hasa? Kila tolie anaitaja.

Fungua kapo, angalia chini pembeni ya moteri, kushoto na kuume: utaona chuma mbili kama bomba za pembe nne zinatoka mbele zinaenda mpaka ku ukuta unaotenga moteri na watu. Hizo njo lonjero. Ukiangalia karibu utaona ziko na mikunjo midogo ao matundu yenye kampani iliweka kwa makusudi, usifikiri ni kasoro. Ni hapo lonjero inapashwa kuanza kujikunja siku ya ajali, ile kujikunja njo inakula nguvu ya mgongano mbele nguvu haijafika ku magoti ya mtu na ku kifua yake. Injinia Béla Barényi wa Mercedes-Benz njo alileta hilo wazo, aliomba hataza yake mwaka 1951, na motokari ya kwanza ya kiwanda kujengwa hivyo ilitoka 1959.

Wazee wanapenda kuniambia motokari za zamani zilikuwa nguvu, zinagonga mti hazikunjiki. Ni kweli hazikukunjika sana, lakini mwenye alikuwa ndani njo alikuwa anapokea ile nguvu yote. Kwa hiyo lonjero iko kama mtu anayesimama mbele yako kupokea ngumi, na ukishaelewa hivyo utaelewa juu ya nini mimi nagombana na mtu anayeniambia "weka tu mastiki upake rangi".

Mimi niko na Hilux, iko na shasi. Ni sawa na RAV4?

Hapana. Hilux, Land Cruiser, Prado, hizo ziko na shasi ya kweli, kama ngazi ya chuma, karosri inakaa juu yake na bulo. RAV4, IST, Vitz, Corolla, Noah hazina ile ngazi, karosri yenyewe njo shasi (tunaita monokoki), tole (bati) zote zimeshikana kwa pointi za kusude (kuunga chuma na moto) na kila tole inabeba fasi yake ya uzito. Kwa Hilux unaweza kutoa kabini, unyooshe shasi peke. Lakini angalisho: shasi ya ngazi inaweza kupinda namna ya almasi, yaani upande mmoja unarudi nyuma kupita mwingine, na kwa macho huoni kitu, unasikia tu motokari inatembea upande-upande kama kaa.

Mnajuaje kama muundo umepinda? Si mnaangalia tu na macho?

Hili njo swali ninalopenda, na watu hawaniulizi vya kutosha.

Macho inaanza kazi lakini haimalizi. Kwa macho tunaangalia nafasi kati ya ele (tole ya juu ya pine ya mbele) na mlango: kama juu imebana na chini imefunguka, kichwa cha motokari kimepinda. Tunaangalia kama mlango wa mbele unashuka ukiufungua, kama kuko mikunjo mu sakafu chini ya tapi, kama rangi imepasuka vipande vidogo kwenye viungo, kama mastiki ya kampani kwenye kuta za ndani imechanika. Rangi ikipasuka mbali na pale motokari iligongwa, maana yake nguvu ilisafiri mpaka pale.

Kisha tunapima. Kuko fimbo ya aliminiamu yenye misumari miwili inayoteleza, na mita ya kawaida inaweza kusaidia kama mtu ana uangalifu. Unachagua matundu mu sakafu katikati ya motokari, fasi haikuguswa, toka pale unapima mpaka ku pembe za mbele, na unapima kwa msalaba: nyuma kushoto mpaka mbele kuume, nyuma kuume mpaka mbele kushoto. Chini unapima hivyo, juu pia, toka kichwa cha amortiseri kimoja mpaka kingine, na toka kila kimoja mpaka pembe ya upande wa pili. Ukikuta tofauti inapita milimita 3, hapo kuko kazi. Milimita 3! Ni ndogo kupita unene wa kalamu, kwa hiyo mtu asikuambie ameona na jicho kama iko sawa.

Kitu kimoja vijana wanasahau: si kila motokari iko sawa pande mbili. Kuko zingine matundu ya kushoto na ya kuume kampani haikuyaweka fasi moja, ukipima msalaba unafikiri imepinda kumbe ilizaliwa hivyo. Njo maana tunatafuta fishi ya vipimo ya kampani, na kama haipatikani tunaomba mtu mwenye motokari ya namna moja, mwaka mmoja, yenye haijagongwa, tuipime nusu saa. Watu wanakubali, unawapa tu sukari kidogo.

Kunyoosha ao kukata na kubadilisha? Kila garaje inaniambia yake.

Sheria ya kazi iko hivi: chuma ikipinda kwa duara kubwa, polepole, inanyooshwa. Chuma ikivunjika kama karatasi uliyoikunja, pembe kali fasi fupi, inabadilishwa, maana hata ukiinyoosha ule mstari unabaki dhaifu, na siku ya ajali ya pili itakunjika pale pale ao itachanika. Kuko pia chuma zingine ambazo hatunyooshi hata kidogo: traversi ya mbele na vile vibokisi vya kujikunja. Hizo zimekwisha kufanya kazi yao, ni kama kiberiti chenye kimewashwa.

Tolie mmoja alipasha lonjero na shalimo (moto ya gazi) ikawa nyekundu, ikanyooka vizuri. Kuna ubaya gani?

Ubaya mkubwa, na hauonekani. Motokari za miaka hii zimechanganya chuma za nguvu mbalimbali. Ile ya kawaida inavumilia karibu megapaskali 300 (kipimo cha nguvu ya chuma) mbele haijakatika, ile ngumu ya boroni inafika 1500, na ilipata ule ugumu kiwandani kwa kupashwa moto na kupozwa ghafla. Shalimo ikiifikisha ku nyekundu ya cheri, karibu digri 750, ule ugumu unaondoka. Inanyooka vizuri, ndiyo, kwa sababu imekuwa laini kama chuma ya bati. Kwa macho iko lonjero, kwa nguvu haiko tena lonjero, na mwenye motokari anaendesha watoto wake ku masomo kila asubuhi hajui.

Nakubali kwa Land Cruiser ya zamani yenye shasi nene mambo iko tofauti. Lakini kwa monokoki, shalimo ikae mbali na lonjero na hasa mbali na montani za kioo (nguzo za pembeni yake).

Na kuvuta, mnavuta namna gani? Niliona watu wamefunga motokari ku mti, Fuso ikavuta mbele.

Nami niliona, mara nyingi, na naomba uikatalie. Ukifunga nyuma ku mti na kuvuta mbele, unavuta motokari yote, ile fasi yenye ilikuwa nzima njo inaanza kujinyoosha pia, milango inakataa kufunga. Na mnyororo ukikatika unaruka kama risasi.

Namna ya kweli ni kufunga motokari ku marbri, ile meza ya chuma, kwa pointi 4 chini ya milango, pale kuko ukingo wa tole mbili zimeshikana, ili katikati isisogee hata kidogo. Kisha unavuta kwa mwelekeo wa kinyume na ule wa mgongano, na unaanza na kile kilipinda mwisho: nguvu iliingia mbele ikaenda nyuma, wewe unaanza kutoa nyuma ukija mbele. Unavuta kidogo, unasimama, unagonga tole kwa nyundo juu ya kibao ili chuma ipumue, unapima, unavuta tena. Chuma iko na tabia ya kurudi, ukiiachilia inarudi milimita kadhaa, kwa hiyo unapita kipimo kidogo kisha unaachilia na kupima tena. Ku mnyororo tunatupa blanketi nzito, na hakuna mtu anasimama mu mstari wake, hata mwenye motokari akitaka kuona karibu, namwambia, "Mukubwa, tafazali kaa kule."

Kama garaje haina marbri, waulize watavuta na nini na watapima namna gani. Wakikujibu vizuri unaweza kuzungumza nao. Wakikuambia "usiogope, tumezoea", endelea kutafuta.

Niko na kichwa cha okazyo, mbele nzima imekatwa. Mnaweza kuunga?

Tunaweza kama imekatwa fasi nzuri. Wauzaji wengi wanakata na diski pale inawapendeza, wanapita mu mikunjo ya lonjero ao karibu na fasi amortiseri inashikilia, na hapo mimi sikubali kuunga. Kizuri zaidi ni kutoboa pointi za kampani moja moja, kutoa lonjero nzima ya okazyo, na kuiweka ku pointi zile zile. Kama ni lazima kukata, tunakata fasi lonjero iko nyoofu, bila tundu, bila mkunjo, na ndani tunaweka kipande cha chuma kama soksi cha kushikilia pande mbili mbele ya kusude.

Jambo lingine la maana sana: namba ya shasi. Kwa motokari nyingi imepigwa ku ukuta nyuma ya moteri, kwa Toyota nyingi zenye shasi ya ngazi iko ku lonjero ya kuume mbele. Ukikata na kuitupa, ama ukaunga kichwa chenye namba ingine, haifanani tena na karte roze, na siku ya kontroli utaeleza mpaka jua litue. Uliza kabla hawajawasha diski.

Mnasude na nini?

Posti ya MIG (mashine ya kusude yenye inasukuma waya yenyewe), waya ya milimita 0,8, gazi ya argoni imechanganywa na CO2. Tole ya inje iko karibu milimita 0,8 tu, bageti ya kawaida (fimbo ya kusude) inaitoboa ao inaacha sudire (kiungo) ngumu yenye inapasuka. Fasi kampani iliweka pointi, sisi tunatoboa tundu la milimita 8 mu tole ya juu na tunajaza. Sudire ndefu moja tunaikatalia, inapasha moto mingi na kupindisha kila kitu.

Shida yetu hapa ni kuriani. Ikishuka katikati ya kazi, posti inaendelea kulia lakini sudire haiingii, inakaa juu kama mavi ya kuku. Kwa hiyo kila asubuhi, na kila mara kuriani imecheza, tunasude vipande viwili vya bati ya unene ule ule, kisha tunavichana na nyundo na patasi. Sudire nzuri inatoka na kipande cha tole, inaacha tundu. Ikibanduka safi, hakuna mtu anagusa motokari mpaka tumepanga posti upya. Mteja mwenye akili anaweza kuomba aone kile kipande, sisi hatukasiriki.

Na mbele ya kusude batri inatoka, masi (kamba ya posti ya kurudisha kuriani) inafungwa karibu na pale tunasude, kalkilateri (kompyuta ya motokari) tunaichomoa kama iko karibu.

Na kutu?

Lonjero iko tupu ndani, moto wa kusude unaunguza rangi yote ya ndani, na mvua ya hapa iko miezi mitano, sita. Kati ya tole tunapaka antiruyi ya zinki, ku viungo mastiki ya kufunga, na ndani ya lonjero tunapuliza nta kupitia matundu. Hii mteja haioni, njo maana garaje nyingi zinairuka.

Erbagi (mifuko ya upepo) zililipuka. Ni lazima nibadilishe zote?

Ile iliyolipuka, ndiyo, pamoja na mishipi yenye ilijibana, kapteri za mbele (zile zinasikia mgongano) kama ziliguswa, na kalkilateri ya erbagi inabadilishwa ao inaangaliwa na mtu mwenye anajua maneno ya kampani. Kuko watu wanaweka kirezistansi kidogo kwa fasi ya erbagi ili taa ya tablo izimike. Taa inazimika, erbagi haiko. Huko ni kumdanganya mtu juu ya uhai wake, na mimi sifanyi hata ukinilipa mara mbili.

Ukiwa unafanya mwenyewe: chomoa waya ya batri yenye alama ya kutoa (−), kwa Toyota ngoja angalau sekunde 90 mbele ya kugusa kitu. Kwa Prius ao ibride ingine (yenye inatembea na moteri na batri kubwa), usiguse waya za rangi ya machungwa. Leta kwa mtu anayejua kutoa kile kifungo cha batri kubwa.

Mmemaliza, rangi inang'aa, lakini motokari inavuta kushoto. Sababu?

Miaka mingi nyuma niliachilia RAV4 ya mama mmoja, mwalimu, nafasi za milango zilikuwa nzuri, rangi moja na ya kampani. Kisha juma mbili akarudi, pine ya mbele kushoto imeliwa upande wa ndani mpaka waya. Akaniambia, "Papa, si ulisema imepona?" Tukapima juu, kichwa cha amortiseri ya kushoto kilikuwa kimeingia ndani milimita 9. Mimi nilikuwa nimepima chini tu. Tulifungua tena, kwa gharama yangu, na tangu siku ile hakuna motokari inatoka bila kupimwa juu na chini na kupitishwa ku paralelizmi (kupima na kupanga magurudumu), na karatasi ya vipimo napatia mteja mu mkono.

Kwa hiyo kama inavuta: omba wapime pembe zote za magurudumu, wasipange tu zile fimbo za volani. Wakikuambia pembe moja haipangiki, usikubali watanue tundu la bulo ili ifike. Hapo kuko kitu kimepinda bado: berso ya moteri (chuma inayoibeba kwa chini), bra (mkono unaoshika gurudumu), ao kichwa cha amortiseri.

Asiransi italipa?

Sheria inalazimisha kila motokari kuwa na asiransi ya kulipa wengine. Ile inatengeneza motokari ya mwenye ulimgonga. Ya kwako, kama kosa ni lako, haiguse, isipokuwa ulilipia ile ya hatari zote. Piga picha mbele hamjasogeza motokari, polisi wa barabara waandike, na usiache garaje ianze mbele mtu wa asiransi hajaona. Devi (karatasi ya bei ya kazi) ya kwanza mara nyingi ni ndogo, maana lonjero inaonekana tu kisha kufungua, kwa hiyo uliza mapema kama wanakubali devi ya kuongeza.

Siku ngapi?

Kama ni traversi na radiateri, siku 3 ao 4. Lonjero, juma mbili, na ikiwa piesi inatoka Dubai ao Afrika Kusini, usihesabu siku.

Fari zote mbili zimevunjika, ninunue zozote?

Hapana, na hapa unaweza kupata faida mu ajali yako. Motokari zetu mingi ni volani kuume, zimetoka kwa nchi zinazotembea kushoto, na fari zake zinainua mwangaza upande wa kushoto. Sisi tunatembea kuume, kwa hiyo ile mwangaza inaingia moja kwa moja mu macho ya mwenye anakuja. Kwa kuwa unanunua mpya hata hivyo, uliza kama kwa modeli yako kuko fari za nchi zinazotembea kuume, mabati ya kushikilia mara nyingi ni yale yale. Leta ile ya zamani hata ikiwa imevunjika, tuangalie pamoja plagi na fasi za bulo mbele hujatoa feza.